Kufuta diski ya kompyuta kabla haijatoka mikononi mwako: njia nne zikilinganishwa

Niliwahi kupewa laptopu iliyotumika. Mwenyewe alikuwa ameifomati na kuweka mfumo endeshi upya, akanikabidhi akiwa na hakika kwamba haina kitu chake hata kimoja. Siku hizo nilikuwa najifunza kutumia PhotoRec, programu ya bure ya kurudisha mafaili yaliyopotea, nikaona niijaribu kwenye diski hiyo. Baada ya dakika chache hesabu ikaanza kupanda: picha 40, picha 300, hati za PDF. Nikafungua hati moja. Kilikuwa cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kimeskaniwa kikiwa kimeinama kidogo upande wa kushoto, jina na tarehe vinasomeka herufi kwa herufi. Nikaizima programu palepale, nikampigia simu mwenyewe, na usiku huo tukaifuta diski ile kwa njia inayostahili.

Hakuwa mzembe. Alifanya kile ambacho wengi wetu tungefanya. Shida ni kwamba ukifuta faili, hata ukamwaga na pipa la taka, kompyuta huondoa tu jina lake kwenye orodha na kuhesabu kwamba nafasi ile sasa iko wazi. Maandishi yenyewe hubaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kufomati kwa haraka nako ni hivyohivyo: daftari la ghala ni jipya, ghala lenyewe limejaa vilevile. Mwaka 2003 watafiti wawili wa chuo kikuu cha MIT cha Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha uchunguzi wa diski 158 zilizonunuliwa zikiwa zimetumika. Zilizoweza kusomeka zilikuwa 129, na zilizokuwa zimefutwa ipasavyo zilikuwa 12 tu.

Njia za kufuta kweli ni nne: kuandika juu ya data kwa programu, kuiamuru diski ijifute yenyewe, kusimba data (kuzigeuza zisisomeke bila ufunguo) kisha kuutupa ufunguo, na kuivunja diski. Ukiuliza watu watatu utapata majibu matatu, na yote yanaweza kuwa sahihi, kwa sababu kila mmoja ana diski yake na hofu yake.

Vigezo vya kupimia

Cha kwanza na kikubwa kuliko vyote ni aina ya diski. Diski ya sahani, ile ya zamani inayovuma ikizunguka, huhifadhi data kwa sumaku juu ya sahani. Ukiiambia iandike sifuri mahali fulani, inaandika mahali hapohapo. SSD haina sahani, ina chipu, nayo hufanya kazi kwa namna tofauti kabisa. Ndani yake kuna kidhibiti kinachoamua kila kitu kiandikwe wapi, na ili chipu zisichakae upande mmoja, kidhibiti hicho hakiandiki juu ya ukurasa, yaani kipande cha hifadhi, wa zamani. Huandika kwenye ukurasa mwingine, kikauacha ule wa zamani ukisubiri kusafishwa baadaye. Tena SSD ina akiba ya nafasi ambayo kompyuta haioni wala haiwezi kuigusa. Unadhani umeandika juu ya siri yako, kumbe umeandika pembeni yake.

Kama hujui una ipi, kwenye Windows fungua kidirisha cha kuboresha diski, aina yake imeandikwa pale. Kwenye Linux, amri ya `lsblk -d -o name,rota` itakuonyesha 1 kwa inayozunguka na 0 kwa isiyozunguka.

Vigezo vingine ni vyepesi kueleza. Ufutaji unakwenda kina gani: unamzuia mtu mwenye programu ya bure tu, au hata maabara? Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST SP 800-88, ambao ofisi nyingi duniani huufuata, hugawa kina hicho katika ngazi tatu: kufuta (kumzuia mwenye programu ya kawaida), kutakasa (kuizuia hata maabara) na kuharibu (diski isitumike tena). Kisha muda na kazi. Kisha hali ya diski baadaye, kama itatumika tena au la. Na mwisho uthibitisho: utajuaje kwamba imefutika? Hiki cha mwisho watu hukisahau, nami nakiweka juu sana.

Njia ya 1: Kuandika juu ya data kwa programu

*Diski gani.* Ya sahani, iliyo hai. Kwa SSD sishauri njia hii peke yake. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walijaribu kufuta mafaili kwenye SSD kwa kuandika juu yake, na kati ya asilimia 4 na 75 ya yaliyokuwemo yalibaki kwenye chipu.

*Kina.* Kwa diski ya sahani, mzunguko mmoja wa sifuri unatosha. Nalisema hili wazi kwa sababu bado watu wanakesha na mizunguko 35. Hesabu hiyo ilitoka kwenye makala ya Peter Gutmann ya mwaka 1996, na mizunguko mingi kati ya hiyo ilikusudiwa aina za kale za kurekodi kwenye sumaku ambazo diski za leo hazitumii. Gutmann mwenyewe baadaye aliandika kwamba hakuna haja ya kuipitia yote. NIST nayo inakubali mzunguko mmoja. Kinachobaki ni sekta mbovu (sekta ni kipande kidogo cha diski): diski ikigundua sekta imechoka, huiweka kando na kuhamishia kazi yake kwenye sekta ya akiba. Ile iliyowekwa kando inaweza kuwa bado na maandishi, na programu haiifikii.

*Muda na kazi.* Diski ya terabaiti 1 inayoandika megabaiti 150 kwa sekunde huchukua kama saa mbili. Ya terabaiti 4 iache usiku kucha. (Mizunguko 35 kwa ile ya terabaiti 1 ingekula karibu siku tatu.) Programu ninayoipenda ni `nwipe`, ambayo unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi ukitumia ShredOS, mfumo mdogo uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Kwenye Windows, `diskpart` ina amri ya `clean all` inayoandika sifuri kila sekta. Angalia hilo neno `all`: ukiandika `clean` peke yake, utafuta orodha tu na kurudi pale alipokwama yule aliyenipa laptopu. Kuweka upya Windows ukichagua kusafisha diski kunasaidia pia, ila Microsoft yenyewe inasema ni kwa mtumiaji wa kawaida, hakufikii viwango vya serikali.

Hatari kubwa ya njia hii ni kufuta diski ambayo si yenyewe. Chomoa kila diski usiyotaka kuigusa, zikiwemo za nje. Soma namba ya utambulisho iliyobandikwa kwenye diski na uilinganishe na ile iliyo kwenye skrini kabla hujabonyeza chochote. Mimi huisoma kwa sauti.

*Diski baadaye.* Nzima, tayari kwa mtumiaji mwingine.

*Uthibitisho.* Hapa ndipo njia hii inapong'ara. Kwenye Linux, isome diski yote kwa `hexdump -C`. Ikiwa ni sifuri tupu, utaona mstari mmoja wa 00 00 00 na vidoti pembeni, chini yake nyota moja, kisha namba ya mwisho wa diski. Nyota ile maana yake ni kwamba mistari yote iliyofuata inafanana na wa kwanza. Diski nzima, mistari mitatu. Nikiiona nyota hiyo nalala vizuri.

*Inamfaa nani.* Mwenye diski ya sahani anayetaka kuuza au kugawa, na ana subira ya usiku mmoja.

Njia ya 2: Kuiamuru diski ijifute yenyewe

*Diski gani.* Hasa SSD, ingawa diski nyingi za sahani nazo zina amri hii. Kwa zile zinazounganishwa kwa SATA inaitwa Secure Erase, na kwa zile za NVMe, aina mpya na ya kasi zaidi, kuna Format na Sanitize. Unazitoa kwa `hdparm` au `nvme-cli` kwenye Linux, kwa programu ya mtengenezaji wa diski, au kwenye baadhi ya kompyuta moja kwa moja kutoka BIOS, programu ya msingi inayowaka kabla ya mfumo endeshi.

*Kina.* Kikubwa kuliko cha njia ya kwanza, kwa sababu anayefuta ni kidhibiti chenyewe, ambacho kinajua kila ukurasa uko wapi na akiba iko wapi. Ngazi ya kutakasa ya NIST inaweza kufikiwa kwa njia hii. Sharti lake ni moja: mtengenezaji awe ameiandika amri hiyo kwa uaminifu. Uchunguzi uleule wa 2011 ulikuta SSD iliyotoa taarifa kwamba imejifuta, na data zote zikawa bado zimo. Ni miaka mingi sasa, na diski zimeboreka, lakini ndiyo sababu siichukui kauli ya diski bila kuikagua.

*Muda na kazi.* SSD nyingi humaliza kwa sekunde au dakika chache. Ya sahani huchukua saa zilezile, kwani inaandika sekta kwa sekta. Kazi iko kwenye maandalizi. Mara nyingi BIOS huifunga amri hii kompyuta inapowaka, na `hdparm` itakuambia diski imegandishwa. Dawa yake ni kuilaza kompyuta kisha kuiamsha, na mara nyingi kufuli hiyo huachia. Diski iliyo ndani ya kasha la USB inaweza isiipokee amri kabisa, ndipo unalazimika kuichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta. Tena usikate umeme katikati. Secure Erase huanza kwa kuiwekea diski nywila, na ikikatizwa inaweza kubaki imefungwa, kwa hiyo weka nywila rahisi uliyoiandika mahali. Sanitize ya NVMe ni thabiti zaidi: ikikatizwa, inaendelea pale umeme unaporudi.

*Diski baadaye.* Nzima. SSD iliyochoka hata huweza kurudisha kasi kidogo.

*Uthibitisho.* Nusu. Ukisoma SSD baada ya amri na kukuta mafaili, ujue imeshindwa. Ukikuta sifuri tupu, ni dalili njema, lakini unachokiona ni kile kidhibiti kinachokuonyesha. Kilichomo kwenye chipu zenyewe hukioni.

*Inamfaa nani.* Mwenye SSD anayetaka diski iendelee kuishi, na asiyeogopa kuandika amri mbili tatu.

Njia ya 3: Kusimba data, kisha kuutupa ufunguo

*Diski gani.* Yoyote, ya sahani au ya chipu, hai au, na hili ndilo linaloitofautisha, iliyokufa.

*Kina.* Data zinahifadhiwa zikiwa zimesimbwa, kwa kawaida kwa mbinu ya AES, kupitia BitLocker kwenye Windows, FileVault kwenye Mac, LUKS kwenye Linux au VeraCrypt popote. Ufunguo ukipotea, kilichobaki ni takataka ya baiti zisizo na maana. NIST inakubali hili kama kutakasa, kwa masharti, na masharti hayo nataka tuyatazame kwa makini maana ndipo watu wanapoumia.

Kwanza, usimbaji lazima uwe ulianza kabla ya siri kuandikwa. Ukiishi miaka mitatu bila usimbaji, ukasimba siku ya kuuza, nakala za zamani zinaweza kuwa zimebaki kwenye ile akiba ya SSD. BitLocker hukuuliza kama isimbe nafasi iliyotumika tu au diski nzima. Kwa diski iliyokwisha kutumika chagua nzima, la sivyo mafaili uliyoyafuta jana yatabaki wazi.

Pili, ufunguo una nakala. Ufunguo wa akiba wa BitLocker huenda uko kwenye akaunti yako ya Microsoft, kwenye karatasi droo ya ofisini, kwenye flashi uliyoisahau. Nakala hizo zikiwapo, data zipo.

Tatu, usimbaji unaofanywa na SSD yenyewe si lazima uwe imara. Mwaka 2018 Carlo Meijer na Bernard van Gastel wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walionyesha kwamba baadhi ya SSD maarufu zingeweza kufunguliwa bila nywila. Mwaka uliofuata Microsoft ilibadili BitLocker ili isiutegemee usimbaji wa diski, ifanye wake.

*Muda na kazi.* Siku ya kufuta ni sekunde. Kwa LUKS, amri ya `cryptsetup luksErase` huharibu nafasi zote za funguo kwa pigo moja. Mac zenye chipu ya usalama ya T2 au chipu za Apple hufanya jambo hilohilo ukichagua kufuta maudhui yote na mipangilio, kuanzia macOS Monterey ya 2021. Kazi halisi ni ya siku ya kwanza: kuwasha usimbaji, na kuchagua nywila isiyokisiwa.

*Diski baadaye.* Nzima.

*Uthibitisho.* Dhaifu kwa macho. Data zilizosimbwa zinafanana na kelele kabla na baada ya ufunguo kuharibiwa. Unachoweza kuhakiki ni kwamba diski haifunguki tena kwa nywila wala kwa ufunguo wa akiba.

*Inamfaa nani.* Mwenye laptopu inayosafiri naye. Huyu ndiye anayelindwa hata siku ile isiyopangwa, mashine ikiibwa au kusahauliwa kwenye gari, kwa sababu kazi ilikwisha kufanywa kabla.

Njia ya 4: Kuivunja

*Diski gani.* Yoyote, lakini namna ya kuvunja hutegemea aina. Mashine ya sumaku kali inayofuta kwa kupitisha nguvu ya sumaku hufanya kazi kwa diski ya sahani tu, iwe na nguvu ya kutosha kwa diski husika. Kwa SSD haifanyi lolote, hakuna sumaku ya kufuta.

*Kina.* Kikubwa kuliko zote ikifanywa vizuri, na cha kudanganya ikifanywa ovyo. Kutoboa tundu moja kwa drili kunaharibu tundu hilo. Sehemu kubwa ya sahani inabaki na maandishi yake. Chombo cha anga cha Columbia kilisambaratika Februari 2003 kikirudi duniani, na diski moja iliyokuwemo ilipatikana ardhini ikiwa imeungua na kubondeka. Wataalamu wa kurudisha data walitoa karibu yote yaliyokuwemo. Mtu wa kawaida hatafanya hivyo kwa diski uliyoitoboa, lakini maabara inaweza kujaribu.

Sahani za diski nyingi za laptopu ni za kioo na hupasuka vipandevipande. Za kompyuta za mezani kwa kawaida ni za alumini, zinajikunja tu, kwa hiyo zifungue na kuzikwangua au kuzikata. SSD ni ngumu zaidi kuliko inavyoonekana: kila chipu lazima ipondwe, na ubao mmoja unaweza kuwa nazo kadhaa, pande zote mbili. Shirika la usalama la Marekani, NSA, hutaka SSD isagwe hadi vipande visivyozidi milimita 2.

*Muda na kazi.* Dakika chache kwa diski moja, pamoja na miwani ya kukinga macho na glavu. Usiichome moto, moshi wake una sumu. Kwa laptopu, toa betri kwanza kabla hujagusa kitu kingine.

*Diski baadaye.* Hakuna diski. Mabaki yapeleke panapopokelewa taka za kielektroniki.

*Uthibitisho.* Unauona kwa macho, ilimradi uwepo. Ukimpa mtu mwingine kazi hiyo, dai cheti chenye namba za utambulisho za kila diski, ikiwezekana simama utazame. Mwaka 2022 benki ya Morgan Stanley ilikubali kulipa dola milioni 35 kwa tume ya dhamana ya Marekani, SEC, baada ya kazi ya kuondoa vifaa vyake kupewa kampuni ya uhamishaji isiyo na ujuzi wa kuharibu data, na vifaa vingine vikaishia kuuzwa vikiwa na taarifa za wateja.

*Inamfaa nani.* Mwenye diski iliyokufa, au mwenye data ambazo hata nafasi ndogo ya kurudi haivumiliki.

Ukiwa katika hali hii, fanya hivi

Kabla ya yote, nakili unachotaka kubaki nacho, fungua nakala hiyo ujue inasomeka, na utoke kwenye akaunti zako.

Unauza kompyuta yenye diski ya sahani inayofanya kazi: njia ya 1, mzunguko mmoja, kisha tafuta ile nyota. Ikiwa diski imeanza kuonyesha sekta mbovu na ilikuwa na mambo mazito, usiiuze.

Unauza yenye SSD: njia ya 2. Kama ilikuwa imesimbwa tangu mwanzo, haribu ufunguo kwanza, kisha toa amri. Zikiunganishwa, kasoro ya moja inafunikwa na nyingine. Ikiwa amri inakataa na usimbaji haukuwepo, chomoa SSD uuze mashine bila diski.

Unampa mwanao au ndugu wa nyumba hiyohiyo: kuweka upya Windows kwa chaguo la kusafisha kunatosha kwa wengi. Usijitese.

Diski haiwaki kabisa: njia ya 1 na ya 2 hazipo tena. Ilikuwa imesimbwa? Iko salama. Haikuwa? Ivunje.

Unatunza rekodi za wagonjwa, wanafunzi au wateja: uliza kwanza sheria na mkataba wako vinadai ngazi gani, kisha weka kumbukumbu. Andika namba ya diski, tarehe, njia na aliyefanya. Kwa diski za aina hii napendelea kufuta kabla ya kuzitoa jengoni, hata kama zinakwenda kusagwa, kwa sababu safari ya kuelekea kwenye mashine ndiyo ambayo huioni.

Unataka kufuta faili moja tu kwenye SSD unayoendelea kuitumia: hakuna njia ya kuaminika. Washa usimbaji wa diski nzima sasa, na uwe tayari kutoa amri ya njia ya 2 siku utakapoiacha.

Umenunua kompyuta leo: washa usimbaji kabla hujaingiza picha ya kwanza, na ufunguo wa akiba uuweke mahali pamoja unapopajua.

Diski imekufa ikiwa ndani ya dhamana, na muuzaji anataka arudishiwe ndipo akupe nyingine: hii ndiyo ngumu kuliko zote. Kama ilisimbwa, irudishe bila wasiwasi. Kama haikusimbwa, pima thamani ya diski mpya dhidi ya kilichokuwemo. Mimi niliwahi kubaki na diski mbovu na kuikosa mpya, kwa sababu ndani yake kulikuwa na hati za watu walioniamini.